Komeo zito na gololi zinazopotea: bunduki ya mdunguaji ya easofti ipakwe nini, na wapi

“Salaam, fundi. Ninaishi Leicester, Uingereza, na nimeanza hivi karibuni kucheza easofti, ule mchezo wa kurushiana gololi za plastiki kwa bunduki za bandia. Nilinunua kwa mtu bunduki ya mdunguaji, VSR-10 ya kampuni ya Tokyo Marui ya Japani, iliyokwisha kutumika, naye aliniambia kwamba alikuwa amebadilisha springi. Komeo, yaani mkono wa kukokia, lilikuwa zito na likikwaruza, basi nikanyunyizia WD-40 kwenye tundu la pembeni linaloonyesha silinda na pia mdomoni mwa mtutu. Siku ile lililainika vizuri. Mchezo uliofuata gololi zilianza kuruka ovyo: moja inakata kulia, nyingine inaanguka kabla ya kufika mita 30, ilhali awali nilikuwa nikipiga shabaha ya ukubwa wa kifua cha mtu kwenye mita 60. Komeo nalo limerudia kukwaruza. Mmoja ananishauri mafuta ya cherehani, mwingine grisi ya magari, mwingine silikoni kila mahali. Nipake nini, wapi, na kila baada ya muda gani? Je, nimekwisha kuiharibu?”

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokusumbua zaidi: kwa maelezo uliyonipa, bunduki haijaharibika. Huenda ukapoteza kipande kimoja cha mpira chenye bei ya pauni chache, na kazi ya kurekebisha yaliyobaki ni ya jioni moja mezani. Una matatizo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja na kuonekana kama moja. Gololi zinapotea kwa sababu mafuta yamefika mahali pasipotakiwa kabisa kuwa na mafuta. Komeo linakwaruza kwa sababu pale palipohitaji grisi hapakupata kitu, au palipata kitu kilichokauka baada ya siku chache. Hao wanaokushauri kila mmoja ana ukweli nusu, lakini wote wanajibu swali la “mafuta gani” kabla ya kuuliza “sehemu ipi”.

Kwa hiyo tuutazame kwanza mwendo wa bunduki yenyewe. Unapovuta komeo nyuma, unaivuta silinda nzima, na kichwa cha silinda kinaisukuma pistoni irudi nyuma dhidi ya springi. Springi hiyo haiwezi kukimbia, kwa kuwa fimbo inayoiongoza imezuiwa na kipande cha chuma kilichomo katika kisanduku cha kifyatulio. Pistoni ikifika mwisho, kulabu ndogo inaidaka na kuishikilia. Unaporudisha komeo mbele, silinda inakwenda peke yake, nozeli yake, yaani mdomo wake wa mbele, inaisukuma gololi moja hadi kwenye mpira wa hopapu ulio mwanzoni mwa mtutu, na bunduki inakuwa tayari. Ukibonyeza kifyatulio, kulabu inaachia, pistoni inaruka mbele, na hewa iliyobanwa ndani ya silinda inaitoa gololi mtutuni. Hakuna gesi wala betri. Nguvu yote ni ya mkono wako iliyowekwa akiba ndani ya springi.

Sasa angalia yanayotokea njiani. Mpira wa hopapu unauma juu ya gololi kidogo tu, kiasi cha kuifanya itoke huku ikizunguka kinyumenyume, upande wake wa juu ukirudi nyuma. Mzunguko huo ndio unaoifanya hewa kuibeba gololi na kuizuia isianguke mapema, jambo ambalo wanafizikia huliita athari ya Magnus. Bila mzunguko huo, gololi ya plastiki ya milimita 6 huanza kuzama mapema mno, hata springi iwe kali kiasi gani. Basi mzunguko wenyewe unatokana na msuguano kati ya mpira na gololi, na wewe umepaka utelezi mahali pale pale panapohitaji msuguano. Gololi ya kwanza inapita penye mafuta mengi na kutoka bila kuzunguka, nayo ndiyo inayoanguka. Ya pili inakuta upande mmoja wa mpira umefutika na upande mwingine bado una mafuta, inazunguka kwa mshazari, nayo ndiyo inayokata kulia. Ukiongeza mafuta kwa kudhani kwamba bunduki “imekauka”, unazidisha ugonjwa ule ule.

WD-40 yenyewe ni dawa nzuri kwa kazi yake, yaani kufukuza unyevu na kulegeza kilichoshikana. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya kopo ni kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya petroli, ambacho huvukiza na kuacha utando mwembamba sana wa mafuta. Kabla hakijavukiza, kiyeyushi hicho huosha grisi yoyote iliyokuwapo na kuisukuma kwingine. Ndiyo maana komeo lililainika siku ile na kurudia kukwaruza baadaye: ulilainisha kwa muda, na papo hapo ukaosha grisi kidogo aliyokuwa ameiacha mwenyewe wa kwanza. Jambo la pili ni mipira. Baadhi ya mipira huvumilia petroli vizuri, hasa ile ya naitrili ambayo mafundi magari huifahamu kwenye oringi nyingi (pete za mpira za kuzibia); mingine, kama mpira wa asili na mpira wa silikoni, huvimba na kulegea. Mpira wa hopapu unaweza kuwa wa aina yoyote kati ya hizo, hasa katika bunduki iliyopita mikononi mwa mtu aliyependa kubadilisha vipuri.

Hapa niseme neno kuhusu kauli ya “silikoni kila mahali”, kwa sababu ndiyo kauli maarufu kuliko zote na ndiyo inayopotosha kwa upole zaidi. Mafuta ya silikoni ni rafiki wa plastiki na wa mpira wa naitrili, hayagandi upesi kwa baridi, na hayanuki. Kwa oringi ya pistoni ni chaguo zuri sana. Lakini yana udhaifu unaojulikana: chuma kinaposugua chuma kwa shinikizo kubwa, utando wa silikoni hupasuka na metali zikagusana. Kulabu inayoishikilia pistoni ni ncha ndogo inayobeba mzigo wote wa springi, kwa hiyo ukiipaka silikoni peke yake, ni karibu sawa na kuiacha kavu. Isitoshe, ikiwa mpira wako wa hopapu ni wa silikoni, mafuta ya silikoni huuvimbisha, maana vitu vya jamii moja huingiliana. Na makopo mengi ya kunyunyizia yaliyoandikwa silikoni yana kiyeyushi ndani yake. Soma maandishi ya nyuma ya kopo kabla ya kuamini ya mbele.

Ushauri wangu, basi, ni kuigawa bunduki yako sehemu mbili akilini. Kuanzia kwenye nozeli kwenda mbele, yaani mpira wa hopapu na mtutu wa ndani, pawe pakavu na safi daima, bila tone la kitu chochote. Kuanzia kwenye kichwa cha silinda kurudi nyuma, yaani oringi, pistoni, springi, fimbo yake na kulabu za kifyatulio, pawe na mafuta au grisi, lakini kidogo kuliko unavyofikiri.

Tuanze na kusafisha sehemu ya mbele. Toa magazini, elekeza bunduki mahali salama, ikoki na kuifyatua mara mbili tatu ili uhakikishe kwamba hakuna gololi iliyobaki ndani, kisha vaa miwani ya kinga na uendelee kuivaa, kwa kuwa baadaye utafungua kitu chenye springi iliyobanwa. Rudisha hopapu hadi sifuri, ili mpira usijitokeze ndani ya mtutu na kukwanguliwa na fimbo ya kusafishia. Chukua fimbo ya plastiki iliyokuja na bunduki, ivishe kipande cha kitambaa kisichotoa nyuzi, kilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uipitishe kutokea mdomoni huku ukiizungusha polepole. Kitambaa cha kwanza kitatoka na rangi ya kijivu na harufu ya lile kopo. Endelea kubadilisha vitambaa hadi kitoke cheupe, halafu pitisha kikavu. Usikimbilie brashi ya shaba ya bunduki halisi. Mtutu wa ndani wa easofti ni laini na hauna mifereji, nao ukichorwa hakuna dawa.

Kwa hali yako, kupitisha kitambaa hakutoshi, kwa sababu mafuta yameingia nyuma ya mpira. Toa mtutu wa ndani pamoja na kisanduku cha hopapu, uvue mpira, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usuuze na kuuacha ukauke wenyewe. Kisha uutazame karibu na taa. Mpira mzima huwa na midomo iliyonyooka, hurudi haraka ukiubonyeza, na hukaa kwenye mtutu bila kuzunguka. Uliovimba huonekana kama umelegea, hung’aa ovyo, na unapouvisha unateleza au unajikunja ukingoni. Ukiona dalili hizo usiupe nafasi ya pili; nunua mwingine. Unapourudisha, hakikisha mstari ulio juu yake umekaa kwenye mfereji wake mtutuni, kwa sababu mpira uliopinda kidogo tu utakufanya ulaumu mafuta kwa kosa la ufungaji. Bunduki nyingi zinazoitwa “zinakata kulia” zina mpira uliopinda.

Sasa sehemu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye komeo lako. Fuata mwongozo wa bunduki katika kutoa kitako na kisanduku cha kifyatulio, kisha vuta silinda itoke nyuma. Unapofungua nyuma ya silinda, springi itataka kusukuma. Shikilia kwa kiganja, elekeza mbali na uso, ufungue taratibu. Futa grisi yote ya zamani kwa kitambaa kikavu, halafu kwa alkoholi kidogo, na angalia kitambaa kimebeba nini. Weusi wa kawaida ni vumbi na grisi iliyochoka. Chembe zinazometameta ni metali, na zinakwambia kwamba kuna kitu kinalika. Mulika ndani ya silinda kwa tochi utafute mikwaruzo mirefu ya kwenda na kurudi. Mkwaruzo unaousikia kwa ukucha hauzibiki kwa grisi ya aina yoyote, maana hewa itapita hapo kila unapofyatua.

Kwenye oringi ya pistoni weka grisi nyepesi ya silikoni, au mafuta mazito ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele, uisambaze kwa kidole hadi oringi ing’ae bila kuacha uvimbe wa grisi popote. Ingiza pistoni ndani ya silinda bila springi, isukume na kuivuta mara kadhaa, kisha itoe na ufute kilichosukumwa mbele. Hatua hii ya kufuta wengi huiruka. Grisi inayobaki mbele ya pistoni hurushwa na hewa kupitia nozeli moja kwa moja hadi kwenye mpira wa hopapu, na baada ya wiki mbili unaniandikia tena. Kabla ya kuendelea, fanya kipimo kimoja: ziba nozeli kwa kidole na usukume pistoni kwa nguvu. Ikigoma katikati, kama imekutana na mto wa hewa, oringi inaziba vizuri. Ikiteremka hadi mwisho huku ukisikia hewa ikivuja, oringi ni nyembamba au imechakaa. Ibadilishe, au kwa muda zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba ndani ya mfereji wake ili uinyanyue kidogo.

Springi na fimbo yake ndiyo mahali pa kumsikiliza aliyekushauri grisi ya magari. Springi inapobanwa haifupiki tu, bali ncha zake hujizungusha kidogo, na huko kusugua kwa ncha ndiko kunakoleta sauti ya kukwaruza na mlio wa “twang” unapofyatua. Grisi ya lithiamu, hasa iliyochanganywa na molibdenamu, inafaa hapo: paka utando mwembamba kwenye ncha zote mbili na kando ya fimbo. Weka pia tone dogo kwenye ncha za kulabu za kifyatulio, pale zinapogusana tu, bila kujaza kisanduku, kwa sababu grisi nyingi ndani ya kisanduku hukusanya vumbi na kuwa msasa. Wala usiipeleke grisi hiyo ndani ya silinda. Ni nzito, na asubuhi za baridi za huko kwenu huwa nzito zaidi. Pistoni inachelewa, na kasi inashuka bila sababu inayoonekana. Mafuta ya cherehani si sumu, lakini ni mepesi mno kwa kulabu na si salama kwa mpira usioujua. Yaache kwa skrubu na vipande vya nje vya chuma visije vikashika kutu. Nje ya silinda, inaposugua ndani ya mwili wa bunduki, pendelea utando mkavu wa tefloni au silikoni iliyofutwa hadi iwe karibu haipo.

Ukifanya hayo yote na komeo likabaki zito, basi uzito si wa grisi. Hapa ndipo ile habari ya springi iliyobadilishwa inapokuwa muhimu. Sheria ya Japani, tangu marekebisho ya mwaka 2006, inaiwekea gololi ya milimita 6 ukomo wa karibu jouli 0.98 (jouli ni kipimo cha nishati), na bunduki hii hutoka kiwandani ikiwa na springi, fimbo na kulabu zilizotengenezwa kwa nguvu hiyo. Mchezaji wa Uingereza aghalabu huweka springi ya M150 au jirani yake, ambayo jina lake linakadiria mita 150 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, yaani kama jouli 2.25. Nguvu imezidi mara mbili, na mkono wako unailipia kila unapokoki. Ikiwa aliyekuuzia alibadilisha springi peke yake na kuacha kulabu za asili, kulabu hizo zinabeba mzigo usio wao na zitalika. Una njia mbili za haki: kurudi kwenye springi dhaifu na kutegemea hopapu nzuri na gololi nzito, au kununua kifyatulio kilichotengenezwa kwa chuma kigumu. Mimi kwa anayeanza napendekeza ya kwanza. Masafa ya bunduki hizi yanatokana na uthabiti kuliko ukali, na bunduki laini ya jouli 1.8 yenye mpira mzima humshinda jirani mwenye jouli 2.3 na mpira wenye mafuta.

Baada ya matengenezo, lazima upime nguvu kabla ya kurudi uwanjani, kwa kuwa oringi inayoziba vizuri huongeza kasi. Nchini Uingereza, Sheria ya Polisi na Uhalifu ya mwaka 2017 imeweka ukomo wa jouli 2.5 kwa bunduki ya easofti inayofyatua gololi moja moja, na juu ya hapo haihesabiwi tena kuwa ya easofti mbele ya sheria. Pima kwa gololi unazotumia kweli, si za gramu 0.20 peke yake, kwa sababu gololi nzito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi na zinaweza kutoka na nguvu kubwa kuliko ile iliyoonyeshwa na gololi nyepesi. Viwanja vingi vina kipima kasi, na wahudumu watakupimia bila maneno.

Kuhusu muda, mtutu upitishie kitambaa kikavu baada ya kila siku ya mchezo. Silinda uifungue baada ya gololi elfu mbili au tatu, au mapema zaidi bunduki ikikwambia: kasi inayopanda na kushuka, sauti ya pistoni iliyobadilika, komeo linaloanza kusita katikati ya mwendo. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa, maana springi huchoka na kulabu hubeba mzigo bure.

Yapo mambo ambayo ningependa uyapeleke kwa fundi dukani badala ya kuyajaribu mezani. Bunduki ikifyatuka yenyewe unapofunga komeo, au ukiitikisa, acha kuitumia mara moja. Kulabu imelika au haikai sawa, na kuikwangua kwa tupa nyumbani huifanya iwe hatari zaidi. Vivyo hivyo ukikuta ufa kwenye kisanduku cha kifyatulio, au usalama wake haushiki, au chembe za metali zinarudi baada ya kusafisha. Unapoipeleka, ifunge ndani ya begi lake, isionekane barabarani wala kwenye basi, kwa kuwa kubeba bunduki ya bandia hadharani bila sababu halali ni kosa huko, na askari aliye mbali hawezi kujua kwamba ni ya kuchezea. Kwa sababu hiyo hiyo, usiitie kwenye mzigo wa kurudi nyumbani likizo kabla ya kupata jibu la maandishi la polisi wa nchi unayokwenda. Mpelekee fundi pia mpira wa zamani, hata kama umekwisha kuutoa, pamoja na gololi chache za zile unazotumia. Akiviona viwili hivyo atajua upesi kama tatizo lilikuwa mafuta au mpira uliofungwa umepinda.